Nyumba Iko Diani, Mwenyewe Yuko Doha

Msimu wa Krismasi ukishapita na wageni wakarudi kwao, simu za wenye nyumba huanza kuingia. Wanapiga kutoka Nairobi, Doha, Birmingham, Minneapolis. Huyu ana fleti Nyali, yule ana nyumba yenye bwawa Diani, mwingine alinunua vyumba viwili Mtwapa kwa mkopo wa benki. Wote wameona Desemba imejaa kwenye kalenda, lakini benki haikujaa. Swali lao nalijua kabla hawajalitamka: je, keateka ananiibia?

Mara nyingine ndiyo. Ila mimi huanza kwa kuwauliza nani ameshika nini, na jibu karibu kila mara ni lile lile. Mtu mmoja, huyo keateka anayeitunza, ana ufunguo wa nyumba. Huyo huyo hupokea wageni, hununua gesi na tokeni za umeme, humlipa dobi na fundi, kisha jioni humwandikia bosi ujumbe kumweleza ni wangapi wamelala na nini kimetumika. Mshahara wake kwa mwezi ni pungufu ya bei ya usiku tatu katika nyumba anayoilinda, na hilo analijua vizuri kwa sababu bei anazisikia kwa wageni wenyewe. Hata malaika ukimweka hapo, ipo siku atateleza.

Kwa hiyo nazungumzia mpangilio kwanza, watu baadaye. Ufunguo uwe kwa mmoja, pesa kwa mwingine, jicho kwa wa tatu. Nyumba nyingi za pwani zinazompa raha mwenyewe aliye mbali zimefika hapo kwa njia moja au nyingine, wakati mwingine bila hata kukusudia.

Tazama Shela, kisiwani Lamu. Wageni kutoka Ulaya walianza kununua na kukarabati nyumba za mawe pale miongo kadhaa iliyopita, na hadi leo nyumba nyingi hupangishwa pamoja na watu wake: mpishi, mtu wa usafi, pengine na nahodha wa jahazi. Kodi ya nyumba hulipwa moja kwa moja kwa mwenyewe ng'ambo. Chakula ni juu ya mgeni. Asubuhi humpa mpishi pesa za soko, mpishi akarudi na changu, ndimu, nazi na mchicha, akaandika kwenye daftari lililoko jikoni, na mgeni akalitazama akipenda. Kodi haipiti mikononi mwa mpishi, wala hela za soko hazipiti kwa mwenye nyumba. Anayekula ndiye anayekagua. Juu ya hayo, mpishi anajua kwamba mgeni akiondoka ameridhika ataacha bakshishi nono na mwakani atarudi na rafiki zake, kwa hiyo jina zuri la nyumba ni mali yake pia.

Malindi historia imekwenda upande mwingine. Waitaliano walifika kwa mradi wa roketi wa San Marco katika miaka ya 1960, wengine wakafuata kwa ajili ya bahari, na mji ukajaa majumba yenye paa za makuti na kuta nyeupe. Uchumi wa kwao ulipoyumba, na baadaye korona ilipofunga viwanja vya ndege mwaka 2020, baadhi ya majumba hayo yalibaki na askari mmoja na mtunza bustani mmoja, mshahara ukija leo na kesho usije. Nitarudi kwa hao, kwa sababu ndiko mambo huishia pale mwenye nyumba anapokata tamaa.

Mwenye nyumba wa siku hizi ni mwingine. Ni Mkenya muuguzi, mhandisi, dereva wa lori la masafa marefu, mwalimu. M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, ilimwezesha kulipa watu akiwa popote. Airbnb, iliyoanza San Francisco mwaka 2008, ikamletea wageni asiowajua. Reli mpya ya Mombasa na Nairobi, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, ikaufanya mwisho wa juma baharini kuwa jambo la kawaida kwa watu wa bara. Vyote vitatu vilimfanya aamini kwamba nyumba inaweza kuendeshwa kwa simu. Inaweza, ila simu haioni.

Kinachoona ni mita. Ukinilazimisha nikupe chombo kimoja tu cha kumwangalia keateka, nitaacha kamera na nitachukua kisanduku cha tokeni cha umeme. Friji ya kawaida ikiwa peke yake ndani ya fleti iliyofungwa hula kati ya uniti moja na mbili kwa siku, pamoja na ruta ya intaneti na taa moja ya nje. Mgeni akiwasha kiyoyozi cha chumba usiku kucha, ongeza uniti sita au nane. Vyumba viwili, pamoja na shawa ya umeme na pasi, unafika kumi na tano bila shida. Sasa mwambie keateka akupigie picha ya mita kila asubuhi, saa ile ile, bila kukosa. Kalenda ikionyesha nyumba tupu Jumatatu hadi Alhamisi na mita ikaonyesha uniti kumi na nne kila siku, kuna mtu amelala. Huhitaji kumgombeza wala kumtuma binamu yako kuvizia getini. Unampelekea picha mbili, ya jana na ya leo, na kumwuliza kwa upole.

Mazungumzo yenyewe huwa mafupi. "Shikamoo bosi." "Marahaba, Mzee. Naona umeme wa wiki hii umeruka." Kimya cha dakika kumi, halafu: "Bosi, kulikuwa na vijana wa harusi, nikaona nyumba imekaa tu." Hapo ndipo mwenye nyumba wa kawaida humfukuza mtu na kuanza upya na mwingine atakayefanya hivyo hivyo baada ya miezi minne.

Mimi humshauri afanye biashara. Keateka aliyeweza kuwapata vijana wa harusi katikati ya juma, mwezi wa Mei, mvua inanyesha, ana kipaji ambacho hakuna programu iliyonacho. Anawajua madereva wa teksi, wapiga picha za arusi, mabawabu wa hoteli zilizojaa. Mpe asilimia kumi ya kila mgeni anayemleta mwenyewe, waziwazi, ilipwe siku mgeni anapoondoka. Sharti ni moja: mgeni alipe kwenye namba ya Till ya M-Pesa ya nyumba, asilipe mkononi. Asilimia kumi ya halali, isiyo na hofu, humvutia mtu mwenye familia kuliko mia kwa mia ya wizi ambayo kesho inaweza kumtoa kazini. Usiku uliokuwa ukiuzwa kichinichini unaingia kwenye hesabu, na wewe unabaki na tisini kati ya mia ambayo hapo awali ilikuwa sifuri.

Till hiyo isajiliwe kwa jina la biashara yako, na ujumbe wa malipo uje kwenye simu yako au ya mhasibu. Pesa za matumizi madogo zitoke kwingine kabisa. Mtumie keateka kiasi maalumu kila Jumatatu, tuseme shilingi 5,000, na Jumatatu inayofuata umjazie tu kile ambacho ametuma risiti yake. Gesi, sabuni, dawa ya mbu, nauli ya fundi. Asiye na risiti aandike kwenye karatasi na mlipwaji atie sahihi na namba ya simu. Kodi za wageni na pesa za sabuni zikishachanganyika katika simu moja, hakuna mhasibu wa kuzitenganisha.

Na jicho? Hapa ndipo watu wetu huingiza ndugu, na hapa ndipo udugu huharibika. Shemeji aliyepewa ufunguo hawezi kufukuzwa. Akichelewa kumpokea mgeni utamwambia nini, na mama yuko pale kijijini anasikia kila kitu? Ndugu mpe jicho, usimpe ufunguo. Shangazi anayeishi Likoni anaweza kupita mara moja kwa mwezi bila kutoa taarifa, akalipiwa nauli na chakula cha mchana, akakaa nusu saa, akafungua makabati, akahesabu taulo, akanusa vyumba. Huna mkaguzi mkali kuliko yeye. Na kwa kuwa hagusi pesa, hana sababu ya kugombana na keateka wala keateka hana la kumhonga.

Kuna wanaosema: haya yote ya nini, si nimpe wakala wa kusimamia anipe changu mwisho wa mwezi? Wakala mzuri ni baraka. Lakini kabla hujasaini, tufanye hesabu ambayo vipeperushi vya wajenzi huwa havifanyi. Chukua fleti ya vyumba viwili Nyali, shilingi 10,000 kwa usiku, na imelala wageni usiku 140 kwa mwaka, ambao si mwaka mbaya kwa nyumba isiyo na bwawa. Hiyo ni 1,400,000. Toa asilimia 15 ya mtandao uliomleta mgeni, 210,000. Toa asilimia 20 ya wakala, 280,000. Mawakala wengine wa pwani hudai hadi 30. Unabaki na 910,000. Keateka kwa 20,000 kila mwezi ni 240,000. Ada ya huduma ya jengo kwa 8,000 ni 96,000. Umeme, maji na intaneti kwa wastani wa 15,000 ni 180,000. Wageni wakikaa usiku tatu tatu, hao ni kama makundi 47, na kila kundi likiondoka usafi na dobi ni 2,000: 94,000. Weka kando asilimia kumi ya mapato kwa ukarabati, 140,000, na ushuru wa utalii wa asilimia mbili, 28,000. Umebaki na 132,000, na kodi ya mapato bado.

Fleti hiyo hiyo ukimpangisha mfanyakazi wa bandari kwa 45,000 kwa mwezi, ni 540,000 kwa mwaka. Ada ya huduma ukailipa wewe, 96,000. Mkaazi wa Kenya hulipa asilimia 7.5 ya kodi ya nyumba ya makazi kwa mamlaka ya mapato, KRA, kiwango kilichoshuka kutoka 10 mwanzoni mwa mwaka 2024, kwa hiyo 40,500. Unabaki na takribani 403,000, tena hukununua shuka hata moja. Asiyehesabika kuwa mkaazi hali yake ni ngumu zaidi, maana hukatwa asilimia 30 ya kodi yote kabla ya gharama, na bado kwa mfano huu anabaki na zaidi ya 280,000.

Kwa hesabu hizi, ili nyumba ya wageni yenye wakala na keateka wote wawili iifikie ile yenye mpangaji, itabidi ilale wageni kama usiku 200. Kuna nyumba zinazofika huko: zilizo mstari wa mbele wa bahari, zenye bwawa, zenye vyumba vinne vya kubeba ukoo mzima, ambako bei ya usiku ni mara tatu na keateka ni yule yule mmoja. Fleti ya ghorofa ya tano inayotazama ukuta wa jirani haitafika. Nimewaambia wengi waziwazi waweke mpangaji, wachache wakanisikiliza. Anayekataa nampa chaguo la pili: aondoe mmoja kati ya wakala na keateka. Ukiwa na keateka hodari, na wewe mwenyewe ukajibu maswali ya wageni kwa simu, ile 280,000 inabaki kwako na umekaribiana na mpangaji. Ukiwa na wakala, usafi uwe wa kulipwa kwa kila mgeni, na ulinzi uwe wa jengo. Kulipa wawili kwa kazi ya mmoja ni starehe ya wenye majumba makubwa.

Upo pia ukweli ambao hauandikwi kwenye hesabu: wengi wanataka nyumba ya wageni ili nao wapate kulala humo Desemba. Sawa, lakini wiki mbili za Krismasi ndizo ghali kuliko zote za mwaka. Ukilala wewe, jiandikie ankara.

Sasa nyumba yenyewe. Anayeishi mbali huwaza wezi, chumvi haiwazi. Upepo wa bahari hula kila chenye chuma. Bawaba za milango, skrubu, mitungi ya gesi, na zaidi ya vyote zile mashine za viyoyozi zinazoning'inizwa nje upande wa bahari kwa sababu ndiko kulikokuwa na nafasi. Ziwekwe upande wa pili wa jengo, hata kama bomba litarefuka. Zioshwe kwa maji matamu kila mwezi. Makufuli yawe ya shaba, skrubu za chuma cha pua. Makufuli ya namba yanayofunguliwa kwa simu ni mazuri kwa mwenye nyumba aliye mbali kwa kuwa kila mgeni hupewa namba yake nayo hufa akiondoka, ila hewa ya bahari huyamaliza mapema, kwa hiyo ufunguo wa kawaida ubaki mahali fulani nje ya nyumba.

Maji ni hadithi ndefu. Mombasa na miji ya kaskazini yake hutegemea visima vya Baricho kando ya mto Sabaki na bomba la kutoka chemchemi za Mzima, zaidi ya kilomita 200 kutoka mjini. Umeme ukikatika Baricho, mifereji hukauka Nyali, na mgeni aliyelipa hajui Baricho ni nini. Kwa hiyo nyumba huwa na kisima cha maji ya chumvi, tangi la chini na tangi la juu, na boza la maji matamu likiitwa wakati wa shida. Mwenye nyumba asiyejua ni maji gani yanafika kwenye bomba gani atanunua shawa za umeme kila baada ya miezi michache. Zipo za maji ya chumvi, bei yake imezidi kidogo, na ndizo za kununua. Maji ya kunywa na ya kupikia yawe na bomba lake jikoni, lenye alama. Mwambie keateka apime tangi kila asubuhi anapopiga picha ya mita. Ni safari moja.

Kalenda ya ukarabati nayo ina ukaidi wake. Makuti yanataka kuzibwa kabla ya masika, yaani kabla ya Aprili, na huo ndio wakati Pasaka inakaribia na wageni wapo. Rangi ukipaka Mei haikauki, inatoka malengelenge na ukungu, ingawa Mei ndiyo nyumba iko tupu na fundi ana nafasi. Mimi hupendelea Septemba kwa rangi, wageni wa Agosti wakiwa wameshaondoka na wa Desemba bado. Februari kwa makuti, hata ikibidi kufunga kalenda siku tano. Na Oktoba kwa viyoyozi, kaskazi isije ikavikuta vimejaa vumbi. Mei iache kwa magodoro, mapazia na kuhesabu vijiko. Nyumba iliyofungwa wakati wa masika hushika ukungu ndani ya wiki mbili, kwa hiyo madirisha yafunguliwe kila siku hata kama hakuna mgeni. Diani ongeza nyavu imara. Kima anajua kufungua dirisha la jikoni, na akishapata ndizi mara moja ataleta jamaa zake.

Shuka zinastahili aya yake, kwa sababu malalamiko ya wageni huanzia kitandani. Kila kitanda kiwe na seti tatu: moja iko kitandani, moja kwa dobi, moja kabatini. Ukiwa na mbili, mvua ikinyesha siku mbili mfululizo utamtandikia mgeni shuka zenye unyevu. Nyeupe hupendeza pichani, lakini pwani kuna arusi, na arusi ina hina na piko. Piko juu ya foronya nyeupe haitoki kwa dawa yoyote niijuayo. Badala ya kuwatoza faini watu wenye furaha, weka foronya za rangi ya zambarau au kahawia kabatini na taulo nyeusi mbili bafuni, na keateka amwambie bibi arusi na mashoga zake, "Hizi zenu, mjipambe bila wasiwasi." Nguo ya shilingi mia chache imekuokoa seti nzima, na umepata sifa ambayo wageni huiandika wenyewe.

Upande wa sheria nitapita haraka, ingawa ndiko ambako walio mbali hushtukizwa. Januari 2024 wasichana wawili waliuawa Nairobi katika vyumba vya kukodi kwa muda mfupi, nchi ikaandamana dhidi ya mauaji ya wanawake, na serikali ikawakumbusha wenye vyumba hivyo kwamba wanatakiwa kuwa na leseni ya mamlaka ya kudhibiti utalii chini ya sheria ya utalii ya mwaka 2011. Leseni si mapambo. Polisi wakija baada ya tukio, swali la kwanza ni nani alikuwa ndani, na mwenye nyumba aliyeko Doha hana jibu kama keateka hakuandika jina na namba ya kitambulisho cha kila aliyelala. Andikeni. Lakini picha za vitambulisho zisitumwe kwenye kundi la WhatsApp la familia; sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 inakuhusu hata ukiwa na chumba kimoja. Kamera nazo ziishie getini na mlangoni. Airbnb ilipiga marufuku kamera zote za ndani kuanzia tarehe 30 Aprili 2024, hata zile za sebuleni zilizotangazwa kwa mgeni.

Walio kwenye fleti wasome kanuni za jengo kabla ya kununua kitanda. Chini ya sheria ya umiliki wa sehemu ya mwaka 2020, wenye fleti huunda shirika la kuliendesha jengo, na majirani waliochoshwa na muziki wa saa nane usiku wanajua njia ya kwenda kwenye mkutano wake. Kwingineko duniani upepo unavuma upande huo huo. New York tangu Septemba 2023 inasimamia sheria inayotaka mwenyeji awepo ndani ya nyumba mgeni anapokaa chini ya siku 30, maana yake mwenye nyumba aliye mbali amefungiwa mlango kabisa. Barcelona imetangaza kwamba leseni za fleti za watalii, zaidi ya 10,000, hazitahuishwa zikimalizika mwaka 2028. Pwani yetu inautafuta utalii, hivyo sitarajii marufuku ya namna hiyo karibuni. Natarajia majengo yenyewe yafunge milango, moja baada ya jingine.

Kodi ya mapato ni ya kuulizia kwa mhasibu, na swali la kwanza la kumwuliza ni kama wewe ni mkaazi kwa macho ya KRA. Mwenye makao ya kudumu Kenya aliyekanyaga nchini hata kwa siku chache ndani ya mwaka anaweza kuhesabiwa mkaazi, na wengi walioko Ghuba hawalijui hilo. Ile asilimia 7.5 ni ya makazi ya kupangisha. Anayelaza wageni kwa usiku anafanya biashara na hesabu zake ni za biashara.

Nimesema nitarudi kwa watu wa Malindi. Mtu anayekulindia nyumba kwa mshahara wa mwezi ni mwajiriwa, awe na mkataba wa karatasi au wa mdomo. Anastahili mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, makato ya bima ya afya ya asilimia 2.75 yaliyoanza Oktoba 2024, na ya nyumba ya asilimia 1.5 ambayo na wewe unalipa kiasi hicho hicho juu yake. Anastahili likizo ya siku 21 kwa mwaka, na likizo hiyo nakushauri uisisitize. Keateka asiyetaka kwenda likizo miaka mitatu mfululizo ana jambo asilotaka mwenzake alione, na mwenye kushika zamu kwa wiki tatu ndiye atakayekwambia kwamba pampu haijafanyiwa huduma tangu juzi na juzi.

Siku ukiamua kuuza, au kumweka mpangaji, au kufunga kwa sababu watoto wamekua na hakuna anayekuja tena, hesabu ya huyu mtu iwe ndani ya bei kabla ya kumpigia dalali. Kazi ikiisha kwa kuwa haipo tena, sheria ya ajira ya mwaka 2007 inampa mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka aliofanya kazi, pamoja na notisi ya mwezi na likizo ambazo hakwenda. Aliyelipwa 20,000 kwa miaka sita anadai si chini ya 60,000 ya miaka, 20,000 ya notisi, na siku za likizo juu yake. Mlipe kabla ya kukabidhi funguo kwa mnunuzi. Chumba cha nyuma anamolala, andika kwenye mkataba tangu siku ya kwanza kwamba ni cha kazi na kwamba akiacha kazi ana siku 30 za kuhama. Bila maandishi hayo, mnunuzi atakapokuja kuangalia nyumba atamkuta bado yumo na watoto wanne na mbuzi, na bei yako itashuka pale pale getini.